Timu ya Oakland nayo imehama kwao

Kila juma ninawaletea habari za bei ya makala, barabara iliyokatika na foleni ya maji. Leo mnivumilie, ninataka kuzungumzia mpira. Si V.Club, si Mazembe. Ni mchezo ambao sijawahi kuuona uwanjani hata siku moja, ninauona tu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, lakini yapata miaka mitatu sasa unanila mega zangu na usingizi wangu.

Mchezo unaitwa besiboli. Aliyeniingiza humo ni yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa. Yeye alikimbia zamani, akaishi kambi ya Nakivale huko Uganda, kisha akapata bahati ya kupelekwa Marekani. Walimfikisha Oakland, mji wa California. Watu wa kanisa waliompokea wakampeleka uwanjani, kwa sababu tiketi za timu ya pale zilikuwa bei rahisi. Yaya hakujiuliza kwa nini ni rahisi. Wakampa na kofia ya kijani. Mtu akikupa kofia siku ambayo huna kitu, humsahau. Yaya akawa shabiki wa Athletics wa Oakland, na kwa sababu ananitumia sauti kwa WhatsApp kila juma, mimi nami nikawa shabiki. Kofia tu ndiyo sina.

Niwaeleze mchezo kidogo. Mmoja anatupa mpira mdogo mgumu. Mwingine amesimama na fimbo, anataka kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku wenzake wa upande wa pili wakitafuta namna ya kumkamata. Akifaulu kufika tena pale alipoanzia, timu yake inapata pointi. Na pale alipoanzia, kwa lugha yao, panaitwa nyumbani. Yaya aliponieleza hayo nilimwambia: mchezo wa kutoka nyumbani, kuzungushwa huku unakimbizwa, na kutafuta kurudi nyumbani, hapa kwetu hata watoto wadogo wanaujua. Tofauti ni kwamba sisi hatupewi pointi.

Sasa tuje kwa matatizo ya timu hii, maana ndiyo yaliyonifanya niipende. Si kwamba haikujua kucheza. Ikiwa Oakland ilichukua ubingwa mara 4: mwaka 1972, 1973, 1974 na 1989. Mwaka 2002, ikiwa na pesa kidogo, ilishinda mechi 20 mfululizo, na baadaye Brad Pitt akacheza filamu juu ya habari hiyo. Matatizo yake yalikuwa nje ya mchezo.

Kwanza uwanja. Ulifunguliwa mwaka 1966, na ulizeeka bila mtu wa kuushughulikia vizuri. Mwezi wa sita 2013, mechi ilipoisha, maji ya choo yalipanda yakaingia mahali wachezaji wanapobadilishia nguo. Mamilionea wa timu mbili wakapanda juu na taulo zao, wakaoga pamoja katika chumba cha timu ya mchezo mwingine. Nilimsomea mama habari hiyo tukiwa chini ya bashi kule Bulengo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza: "Na wao choo kimoja ni cha watu wangapi?"

Baadaye wakaingia paka, makumi ya paka wasio na mwenyewe, wakafanya uwanja kuwa kwao. Mwaka 2023 kukawa na zamu ya oposumu. Ni mnyama wa huko, sura ya panya, ukubwa wa paka. Alijichagulia chumba cha watangazaji wa timu ya wageni, akakitia harufu, hata watangazaji wa Mets wa New York wakahamishiwa chumba kingine. Mimi, mwandishi nisiye na studio, niliwaonea wenzangu huruma. Hapa naandikia mahali mbuzi wanapopita. Lakini mbuzi ukimfukuza anatoka.

Tatizo la pili ni mwenye timu, tajiri John Fisher. Wazazi wake ndio walioanzisha maduka ya nguo ya Gap. Chini yake mchezaji akianza kung'aa tu, mashabiki walikuwa wanajua kwamba siku zake zinahesabiwa, atapelekwa timu nyingine kabla hajadai mshahara mkubwa. Yaya alinunua jezi yenye jina la mchezaji anayempenda, yule mchezaji akaenda. Akanunua nyingine, naye huyo akaenda. Sasa ananunua isiyo na jina. Anasema ni salama zaidi.

Mwezi wa nne 2023, timu ikatangaza kwamba imepata kiwanja Las Vegas na itahama. Sisi wakati huo tulikuwa na miezi michache tu kambini. Tulikuwa tumetoka Kitshanga mwanzoni mwa mwaka uleule. Yaya akatuma sauti anapumua kwa shida, nikafikiri kuna msiba. Akasema: "Mdogo wangu, timu inaondoka." Nikanyamaza kidogo. Mvua ilikuwa inapiga bashi. Nikamjibu: "Pole, yaya. Sisi tuliondoka mwezi wa kwanza." Tukacheka wote wawili, maana kulia kwa simu kunakula mega bure.

Mwaka ule timu ilishindwa mechi 112 na kushinda 50. Siku moja ya mwezi wa tano walihesabiwa watazamaji 2,064 katika uwanja wa makumi ya maelfu. Viongozi wa timu wangeweza kusema: mnaona, Oakland hawaipendi timu. Ndipo mashabiki wakafanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia. Sisi tukikasirika tunafanya ville morte: kila mtu anabaki nyumbani, maduka yanafungwa. Wao walifanya kinyume. Tarehe 13 mwezi wa sita 2023 walikuja kwa wingi kusudi, watu 27,759, wengi wamevaa fulana za kijani zenye neno moja: "Uza". Mwanzo wa kipindi cha tano wakanyamaza wote, uwanja mzima, halafu kwa sauti moja: "Uza timu! Uza timu!" Wachezaji nao wakapata nguvu, wakaifunga Tampa Bay 2-1.

Siku mbili baadaye, gavana wa Nevada akatia sahihi sheria ya kutoa mpaka dola milioni 380 za serikali kusaidia kujenga uwanja wa Las Vegas. Yaya alisema: "Sisi tulipiga kelele, wao wakapiga sahihi." Mwezi wa kumi na moja, wenye timu zote 30 wakapiga kura. Hakuna hata mmoja aliyekataa.

Mechi ya mwisho Oakland ilikuwa tarehe 26 mwezi wa tisa 2024. Uwanja ulijaa, watu 46,889, na timu ikaifunga Texas 3-2. Siku chache kabla, mwenye timu alikuwa ameandika barua kwa mashabiki, akasema kwamba walijaribu. Yaya aliisoma barua mara tatu akitafuta mahali walipojaribu. Baada ya mechi watu hawakutaka kutoka. Kuna waliolia, kuna waliobeba udongo wa uwanja. Yaya naye alipata kidogo ndani ya kopo la kahawa. Mpaka leo liko juu ya friji yake, na mke wake anakatazwa kulifuta vumbi, maana vumbi ndilo lenyewe.

Nilipomweleza mama habari ya udongo, hakucheka. Alisema: "Walipewa wakati." Sisi siku ile tulichukua sufuria, ufunguo wa nyumba, na kuku mmoja ambaye hakufika. Hakuna aliyekumbuka udongo. Ufunguo mama bado anao, umefungwa kwenye pindo la kitenge. Mlango wake tulisikia ulishachomwa kuni.

Tangu mwaka 2025 timu inalala kwa watu. Iko Sacramento, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Oakland, katika uwanja mdogo wa timu ya daraja la chini, wa watu kama 14,000, ikingoja ule wa Las Vegas unaotarajiwa mwaka 2028. Hapo ndipo yaya na mimi tulipogombana. Timu imekataa kujiita ya Sacramento. Jina la Oakland imeliacha, la Las Vegas bado haijalichukua. Inaitwa Athletics tu, bila mji. Ila kwenye mkono mmoja wa jezi imeshona Sacramento, na kwenye mkono wa pili Las Vegas. Yaani mgeni anakula ugali wako, analala kitanda chako, na amevaa jina la nyumba anayokwenda. Ninyi mlio wenyeji, mliopokea familia mbili tatu katika chumba kimoja, mwambieni Sacramento pole. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu anataka miaka mitatu. Niseme ukweli lakini: kijana mmoja, Nick Kurtz, jembe amelishika. Mwezi wa saba 2025 alipiga mipira minne nje ya uwanja katika mechi moja.

Yaya alitaka kuitetea timu. Akasema si mara yake ya kwanza kuhama: ilizaliwa Philadelphia mwaka 1901, ikaenda Kansas City mwaka 1955, ikafika Oakland mwaka 1968. Akasema hata alama yake ni tembo tangu zamani za Philadelphia, na tembo ni mnyama wa kuhama. Nikamjibu kwamba tembo wa Virunga nao walikimbilia Uganda, lakini mwaka 2020 mamia yao walirudi. Timu hii haijarudi popote.

Halafu nikamkumbusha vijana wa Bulengo. Wengi wenu mlikuwapo, mnakumbuka. Jioni walicheza kandanda kati ya bashi, kwa mpira wa mifuko na kamba, na kila timu ilijiita kwa jina la kule ilikotoka. Kitshanga ilicheza na Karuba, Sake ikacheza na Mweso. Hakuna aliyejiita Bulengo. Mwezi wa pili 2025 bashi zilipokunjwa, wale vijana walitawanyika. Wengine walirudi wakakuta nyumba bila mabati, wengine wako kwa wenyeji. Mdogo wangu wa mwisho bado anacheza na wenzake wanne wa wakati ule, katika kiwanja cha watu wengine. Juma lililopita waliulizwa jina la timu ili waandikwe kwenye mashindano ya mtaa. Wakasema Kitshanga. Mwandishi akawaambia huku si Kitshanga. Wakajibu: "Tunajua." Akaandika.

"Basi," nikamwambia yaya, "timu yako ni mkimbizi asiye na adabu. Ametupa jina la kwao kabla hata hajafika anakokwenda."

Mama alikuwa anasikiliza, anachambua sombe. Akaomba simu. Alisema, nami naandika kama alivyosema: "Wewe usiharibu neno. Mkimbizi hapigiwi kura na matajiri 30. Timu hiyo haikukimbia, iliamua kwenda. Mkimbizi hapo ni yaya wako na wenzake. Wameamka asubuhi, kwao hakupo, na wao hawakutoka hata kitandani."

Kwa upande wa yaya kukawa kimya. Nilifikiri mega zimeisha. Kisha akasema: "Ni kweli, mama." Mtu huyu alishakimbia nchi moja, akapata mji, akapata kofia, na mji nao ukaondokewa na kitu alichopewa siku ya kwanza. Mimi miaka yote nilikuwa ninafanya mzaha.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Watu wa Oakland hawakubaki wakitazama uwanja mtupu. Walianzisha timu yao, inaitwa Ballers, ikaanza kucheza mwaka 2024 katika ligi ndogo, kwenye kiwanja cha mtaa kilichotengenezwa upya. Mashabiki wenyewe wameruhusiwa kununua hisa. Mwaka 2025 timu hiyo ikachukua ubingwa wa ligi yake. Kwenye jezi imeandikwa jina la mji. Yaya anakwenda huko sasa, na kofia yake ni ileile ya zamani. Nilimuuliza kwa nini hanunui mpya. Akasema kofia alipewa na watu, hakupewa na timu.

Juzi alituma sauti nyingine. Anaomba kwamba siku yeyote wetu atakapopita Kitshanga, amchukulie udongo kidogo, auweke kwenye friji kando ya ule mwingine. Mama akasema sawa, atachukua mwenyewe, lakini si wa kuweka kwenye kopo. Kwanza anataka kupanda maharagwe. Yatakayobaki, yaya atatumiwa.

Juma lijalo tunarudi kwa habari za maji.