Thika, Walikojaribia M-Pesa

Basi liliondoka Arusha alfajiri, likapita Longido jua likichomoza upande wangu wa dirisha. Namanga tulishuka sote. Siku hizi maofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja: ukigongewa muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache kugongewa wa kuingia. Nje akina mama wa Kimaasai waliuza shanga, na wabadilishaji fedha wakatuzonga na mabunda ya noti. Baada ya hapo ni Kajiado, Isinya na Kitengela, mbuga ikizidi kumezwa na majengo kadiri Nairobi ilivyokaribia.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya biashara, na tasnifu yangu ilihusu jinsi kampuni zinavyobadili njia zao za kujipatia kipato. Vitabu vilijaa mifano ya Marekani na Japani. Mimi nilitaka mfano wa huduma ambayo hata mama yangu anaitumia, ndiyo maana sikukawia Nairobi. Nilipanda matatu ya Thika, tukapita Ruiru na Juja, muziki umefunguliwa mpaka viti vinatetema.

Thika ni mji wa viwanda na mananasi, lakini mimi nilifuata jambo jingine. Mwaka 2005 kampuni za simu Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya, zikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, zilianza majaribio ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, hapa na Nairobi. Nia ilikuwa moja: wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wapokee mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Mawakala walikuwa wanane, na wateja hawakufika 500.

Wateja wale wakafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walimtumia ndugu hela. Walinunua vocha na kumrushia mtu aliye mbali. Wenye maduka walilipana. Wengine waliweka pesa asubuhi kabla ya safari, wakaitoa walikofika, wasiibiwe njiani. Upande wa mikopo nao ulileta kero: anayelipa kwa simu haoni haja ya kuhudhuria kikao cha kikundi, na kikundi ndicho dhamana ya mkopo.

Karibu na stendi niliingia kwenye duka la wakala.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe umetoka Tanzania, sindio?”

Akanipa kiti kando ya kaunta. Watu walikuja mfululizo, karibu wote kuweka. “Hapa mjini floti ndiyo huisha,” alisema, yaani salio la wakala lililo kwenye simu. “Dada yangu ako na duka huko ndani Murang'a. Yeye huishiwa na keshi, kwa sababu watu wa huko wanatoa tu.” Kuweka ni bure, mtumaji hukatwa, na mpokeaji hukatwa anapotoa. Katika makato hayo wakala hupata kamisheni yake. Nilielewa pale kwamba bidhaa hasa ni umbali kati ya maduka ya madada wawili. Mjini kuna mshahara, kijijini kuna wazazi, na kampuni inalipwa kwa kuuziba mwanya.

Safaricom ilipoifungulia nchi nzima huduma hiyo Machi 2007, mkopo haukuwa tena hoja. Ujumbe wa matangazo ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Mteja akawa yeyote mwenye laini na ndugu mbali. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta kwetu Tanzania.

Nick Hughes, aliyeliongoza wazo la M-Pesa ndani ya Vodafone, baadaye alishiriki kuanzisha M-KOPA jijini Nairobi. Kampuni hiyo iliona kuwa kaya maskini haiwezi kununua taa za sola kwa mkupuo, ilhali kila siku inatoa vijisenti vya mafuta ya taa. Ikauza sola kwa malipo ya awali na kiasi kidogo cha kila siku kupitia M-Pesa. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe.

Nilikuwa nimeandaa maswali ya kuwauliza mameneja: nani alibuni, kikao kipi kiliamua. Niliyafuta ndani ya matatu ya kurudi Nairobi. Nikaandika mengine: mteja alifanya nini ambacho hakuambiwa afanye, nani kazini alikiona, na kampuni ilikubali kuacha nini ili kukifuata? Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mpango wa awali huwa tayari una bajeti na wenyewe.