Upanga wa Mjapani uvunguni mwa Bibi

Wenzangu mnaokaa mjini mnakusanya raba, kofia na jezi za timu. Mimi mwenzenu kwetu Itigi nimekabidhiwa upanga wa Kijapani. Usicheke, msomaji wangu. Najua kichwani umeshafika kwenye banda la video, ninja anaruka ukuta na moshi unafuka nyuma. Tulia kwanza, maana hapa hakuna ninja. Kuna Bibi, kuna baba mdogo mwenye tamaa ya ngawira, na kuna kopo la mafuta ya cherehani.

Kwa asiyepajua, Itigi ni stesheni ya reli ya kati, ukishapita Manyoni kama unakwenda Tabora. Wengi mnapita usiku mmelala midomo wazi. Mkiamka mnaona vichaka tu, vimesongamana hata mbuzi anapita kwa kujibana. Zamani za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, upande huu wa nchi uliitwa Mgunda Mkali, na wapagazi waliuogopa kwa kukosa maji. Sasa jiulize, chuma cha Tokyo kimefikaje huko?

Kimefika na Babu. Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa Mwingereza katika KAR. Watu tukisikia Vita vya Pili tunafikiria Hitla na Wazungu wenzake, lakini vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walipelekwa mpaka Burma kupigana na Mjapani. Safari yenyewe ilikuwa noma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wetu wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa meli nyingine. Ingekuwa ile, mimi nisingekuwepo kukuchosha na hadithi hii.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka huo wa 1944. Mvua za kule si hizi zetu za kunyesha siku mbili halafu zikakumbuka kwao. Barabara ziligeuka uji na malaria iliwalaza watu kama risasi. Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo wahandisi wakafunga daraja la vyuma lenye urefu wa karibu mita 350. Babu alikuwa dereva wa lori, na kwa mujibu wa Bibi alilivuka daraja hilo amefumba macho. Sijui dereva anafumbaje macho, lakini ndivyo alivyosimulia yeye mwenyewe, na marehemu habishiwi.

Kuhusu upanga, familia ina hadithi mbili. Ya baba mdogo inasema Babu alipambana na ofisa wa Kijapani msituni, mtu kwa mtu, akamnyang'anya. Ukimpa kikombe cha pili cha kangara, maofisa wanakuwa watatu. Ya Bibi ni fupi: "Mume wangu," ananiambia mimi mjukuu wake, "babu yako aliununua kwa sigara na sabuni kwa mzungu mmoja, vita vimeshakwisha." Mimi naiamini ya Bibi. Mwaka 1945 Wajapani waliposalimu amri walikabidhi panga kwa malundo, na askari wengi wa upande ulioshinda walirudi kwao na kumbukumbu ya namna hiyo.

Babu akashuka treni Itigi mwaka 1946 na sanduku la bati, nishani na huo upanga. Tangu hapo ukakaa uvunguni mwa kitanda, umeviringishwa kwenye gunia na kanga. Ulitoka mara chache. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, baba mkubwa aliuchukua kukatia fito za nyumba, ukagonga mti mgumu ukatoka pengo la ukubwa wa punje ya mahindi. Babu hakusema na baba mkubwa miezi mitatu. Mara nyingine ulichinja mbuzi wa Krismasi, na damu isiyofutwa vizuri imeacha vidoa vyeusi mpaka leo.

Kila mwaka Bibi aliupaka mafuta ya alizeti. Sisi wa Singida, ukitaka kutibu chochote unaanza na alizeti. Alizeti ikikaa kwenye chuma inakauka na kuwa kama gundi ya kahawia, inanata vumbi. Nilipoufungua mara ya kwanza ulikuwa unafanana na muwa uliochomwa. Lakini mseme mtakavyo, gundi ile ndiyo iliyozuia kutu miaka yote hiyo.

Nimeufungua kwa nini? Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia. Bibi alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana ikawa ananisalimia mimi akidhani ni jirani. Operesheni inahitaji fedha, nauli, na mtu wa kumkalia hospitali. Baba mdogo akakumbuka uvungu. Alikuwa amesikia kwamba panga za samurai zinauzwa kwa mamilioni, akampigia simu jamaa mmoja wa Dar anayenunua vitu vya kale. Jamaa akasema, "Nitumie picha, ila kwanza usafishe ung'ae."

Baba mdogo akanituma dukani msasa.

Nilinunua vocha badala ya msasa, nikakaa nyuma ya nyumba nikisoma. Nilichokikuta kimenifanya niwe mtu wa panga mpaka leo, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kufeli fizikia. Upanga wa kale wa Kijapani haupigwi msasa hata siku moja. Mwenye kazi ya kuunoa ni fundi aliyejifunza miaka mingi, anatumia mawe ya aina mbalimbali, moja baada ya jingine, laini zaidi na zaidi. Ukipiga msasa unafuta ule mstari wa mawimbi kandokando ya makali, ambao ndio sura yake. Tena ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini haisafishwi kabisa, hata kutu yake haiguswi, kwa sababu kwa rangi ya kutu wajuzi wanakadiria umri, na hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake. Mtu akiing'arisha sehemu hiyo ni sawa na kuchana cheti cha kuzaliwa.

Kuna na adabu zake. Bapa haliguswi kwa vidole, jasho lina chumvi. Unapouchomoa, makali yanaangalia juu, mgongo ndio unaoteleza ndani ya ala. Wenyewe wanafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, wanagongagonga unga wa jiwe uliofungwa kwenye kifuko cha hariri, wanafuta tena, kisha wanapaka mafuta mapya, kidogo sana. Mafuta hayo wanayaita choji. Unajua choji ni nini? Karafuu! Yametiwa harufu ya karafuu. Nilicheka peke yangu pale nyuma ya nyumba. Unguja na Pemba zimeinusisha dunia karafuu karne nzima, na mimi naijua ya kwenye pilau tu.

Chuma chenyewe kinatokana na mchanga wenye madini, unayeyushwa kwa makaa kwenye tanuri la udongo kwa siku kadhaa mfululizo. Msije mkadhani ni maajabu ya Wajapani peke yao. Wafipa walikuwa na tanuri zao ndefu walizoziita malungu, na Wahaya walikuwa wakifua chuma cha pua kwa makaa na mivukuto enzi ambazo hakuna mzungu aliyekanyaga Bukoba. Sisi tuliacha. Mhunzi wa hapa kwetu siku hizi anafua visu kwa springi za magari mabovu. Visu vizuri tu, sisemi.

Basi bwana, nikawa nimejaa matumaini. Nilisoma kwamba Japani ilipiga marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876, lakini vitani miaka ya thelathini na arobaini maofisa wengine walichukua bapa la ukoo, la miaka mia tatu au mia nne, wakalivisha mpini na ala ya kijeshi. Kwa hiyo ndani ya nguo ya askari anaweza kukaa mzee wa karne kadhaa. Nikasema, patamu hapo! Jicho la Bibi limeshapona.

Nikachukua mafuta ya taa na kitambaa cha pamba kilichofuliwa, nikaanza kulainisha ile gundi ya alizeti taratibu, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, nisije nikajikata. Siku tatu. Baba mdogo ananisimamia kama msimamizi wa mtihani. Siku ya tatu, karibu na mpini, zikajitokeza tarakimu tano zilizogongwa kwenye chuma. Pembeni yake herufi moja ya Kijapani.

Mshikaji wangu mmoja alikuwa anafahamiana na dada wa Kijapani aliyekuja kufundisha hesabu kwa kujitolea. Tukambembeleza, akaja siku ya Jumamosi. Wote tulikaa tukimwangalia kama mganga. Baba mdogo akampa kiti chenye mto. Dada akautazama, akasema kwa Kiswahili chake safi, "Samahani baba, mimi sijawahi kushika upanga. Nyumbani kwetu tuna kisu cha jikoni." Ila herufi aliisoma: ni "mashariki", ile inayoanza jina la Tokyo.

Ni alama ya kiwanda. Upanga wetu ni wa mwaka 1935 kwa mtindo wake, ule waliogawiwa masajenti na makoplo, umetengenezwa kwa mashine kwa maelfu, na kila mmoja namba yake kama baiskeli. Mpini, ambao sisi tulidhani umesukwa kwa kamba, ni bati zito lililomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ifanane na kamba. Na pale ambapo upanga wa kale unafungwa kwa kijiti cha mwanzi, wetu una skrubu. Skrubu, ndugu yangu! Niliiona tangu siku ya kwanza nikajifanya sikuiona.

Baba mdogo hakukata tamaa haraka. Akasema turudishe ubalozini kwao, Wajapani ni watu wa shukrani, watatupa hata pikapu. Dada wa watu akacheka mpaka akashika kinywa. Kwa sheria ya Japani, upanga unaosajiliwa ni ule uliofuliwa kwa mkono kwa njia ya asili, kwa kuwa unahesabiwa sanaa. Huu wa kiwandani ni silaha tu, mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa nao. Ukirudi kwao unaishia kuharibiwa. Hata Mambo ya Kale hapa kwetu hawana shughuli nao sana, sheria yao ya mwaka 1964 inatazama zaidi vile vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa hiyo ni upanga usio na kwao. Japani hautakiwi, na Itigi hauna kazi.

Jamaa wa Dar alipopata picha ya namba, bei ilishuka kutoka "tutaongea milioni" hadi laki mbili. Wakusanyaji wa vitu vya vita wapo Ulaya na Marekani, hata huu wanautaka, ila si kwa bei ya ndotoni. Baba mdogo akasema tuchukue. Mimi nikasema hapana. Tukapandishiana sauti pale uani, na mimi kwa mila zetu sina ruhusa ya kumpandishia sauti baba yangu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha kwa kupapasa. Akauliza, "Laki mbili zinatengeneza jicho?" Baba mdogo akajibu kwamba zinasaidia. Bibi akasema, "Mbuzi nao wanasaidia. Na mbuzi wanazaa."

Waliuzwa mbuzi wanne, na mimi nikaongeza malipo ya makala zangu mbili, ambayo mhariri anayajua yalivyo. Jicho la kulia likafanyiwa. Alipotolewa bandeji kitu cha kwanza alichokisema ni kwamba nimekonda na nguo zangu zinabana.

Sasa ninautunza mimi. Kila baada ya miezi mitatu ninafuta mafuta ya zamani kwa kitambaa kikavu, ninapaka ya cherehani tone mbili tatu, ninafuta tena ibaki kama ukungu. Wakati wa mvua ninauangalia kila mwezi, maana ala yake ni ya chuma na unyevu ukiingia ndani unatulia humo. Lile pengo la Operesheni Vijiji sijaligusa, mafundi wa mashine za kunolea wameshaniomba mara mbili. Vidoa vya mbuzi wa Krismasi navyo vipo. Wageni hawaonyeshwi hovyo, na barabarani hautoki, sitaki kuwaeleza polisi habari za Burma saa tano usiku.

Karafuu nimeagiza kwa rafiki yangu wa Unguja. Nitaloweka chache kwenye kopo la mafuta kwa ajili ya harufu tu, nione.

Jicho la kushoto bado. Mbuzi waliobaki ni wawili na mmoja ana mimba. Jamaa wa Dar bado anapiga simu, ameshafika laki nne, na baba mdogo siku hizi simu zake anazipokelea nje, chini ya mwembe.