Vazi, Pete na Viatu

Tulipoombwa kuandaa mavazi ya igizo la kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar, sisi wa kikundi cha akina mama tulikubaliana kuacha magunia yaliyozoeleka katika maigizo. Tulitaka kujua watu wale walivaa nini hasa.

Wengi walivaa merikani. Pamba hiyo nzito, isiyotiwa rangi, ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Viwanda vya huko vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mtumwa wa ng'ambo aliichuma, mtumwa wa huku akaivaa. Nyingine ilitiwa nili, ikawa kaniki.

Hakukuwa na cha kushona. Mwanamke alijifunga kipande chini ya makwapa, basi. Kichwa wazi, miguu mitupu, kwa kuwa kujitanda na viatu vilikuwa vya waungwana.

Siku ya kujaribu tulijitwisha ndoo za maji. Mkono mmoja ulishika ndoo, wa pili fundo la kifuani. Mkono wa kumshika mtoto haukuwepo. Tulinyamaza.

Mama mmoja, mkubwa wetu, alikataa kuivaa. "Wanangu, bibi yake mama aliivua nguo hii. Mimi siirudii."

Hatukumlazimisha. Alitueleza kwamba mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, bibi yule alitafuta kwanza doti ya kanga: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kwa wenye kumcheka yalikuwa mapambo. Kwake ilikuwa ni kusema, "Mimi ni mtu."

Tangu hapo tunaisoma Luka 15 kwa macho mengine. Mwana mpotevu alirudi akiwa tayari kuhesabiwa mtumishi. Baba aliagiza vazi, pete, na viatu. Zamani tulivipita viatu hivyo haraka. Sasa tunaelewa: miguu mitupu ilikuwa ya mtumwa, na baba alikuwa akimvika mwana.

Kwenye igizo mama yetu aliingia wa mwisho, amejitanda kanga, na kanisa zima likasimama.

Nasi tunapokusanya nguo za sadaka, tunaishika kila moja na kuulizana: je, hii itamwambia atakayeivaa kwamba ni mwana, au kwamba ni mtumwa? Ya pili hatuipeleki.