Wajane wa Sinema na Wajane wa Omugo

Wenzangu wengi darasani hupenda picha za vita na za kupigana. Mimi nasema wazi kwamba napenda zile za mapenzi zenye mzaha, nao hunicheka kwa hilo. Hapa Omugo hatuna jumba la sinema. Tuna kibanda cha mabati sokoni, chenye mabenchi na televisheni moja, na kiingilio ni shilingi 500. Picha nyingi huja zimekwisha kufasiriwa Kiganda na wale mafundi wa maneno wa Kampala waitwao VJ, ambao hutia mzaha wao hata pale mtu anapolia. Nasi Walugbara wengi hatusikii Kiganda sana. Basi anayekisikia huwageuzia wenzake, na maneno ya bwana wa Marekani hutufikia yamepita vinywa vitatu.

Jambo nililoona ni kwamba picha hizi hupenda kuanza na kifo. "Kuch Kuch Hota Hai" ya mwaka 1998 huanza na moto wa kumchomea marehemu Tina, mke wa Rahul. "Sleepless in Seattle" ya mwaka 1993 huanza makaburini Chicago, bwana Sam amesimama na mwanawe mdogo. Hata hujakaa vizuri kwenye benchi, mara mwaka na nusu umekwisha kupita! Matanga hatukuyaona. Kazi iliyobaki ni kumtafutia yule bwana mke mwingine, nasi tucheke.

Kwetu matanga ndiyo yenyewe. Watu hulala nje, ngoma za msiba huchezwa, kisha wazee wa pande mbili hukaa wakahesabu ng'ombe wa mahari, madeni, watoto na shamba.

Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe mwaka 2021. Nilimpeleka kuitazama ile picha ya Seattle. Hakulia wala hakucheka. Aliuliza tu, "Kwani mwanangu, huyu bwana hana ndugu?"

Nikamwambia, "Anaye dada, mama, tumemwona."

Akasema, "Nimemwona. Lakini nani amekuja kumwuliza juu ya nyumba?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hakuna mtu aliyeisema picha ile vizuri kuliko yeye. Sam ni mchoraji wa majengo, ana mshahara, na nyumba yake inaelea juu ya maji. Hapana mtu anayeidai. Mama mdogo, kwa desturi ya zamani, angerithiwa na shemeji yake. Alikataa mbele ya wazee, akabaki nyumbani mwake na watoto wanne, akilima muhogo na simsim. Huko nako ni kuendelea na maisha, ingawa hakuna muziki unaopigwa.

Tena iko hila nyingine. Tina kabla ya kufa anamwandikia bintiye barua nane, na ya mwisho ndiyo inayomtuma mtoto amtafutie baba rafiki yake wa zamani. Katika "P.S. I Love You" ya mwaka 2007, Gerry anakufa kwa uvimbe wa ubongo, lakini barua zake zaendelea kumfikia mkewe Holly na kumwongoza. Nadhani watunga picha wanaogopa. Aliye hai akipenda tena ataonekana msaliti, kwa hiyo marehemu hufanywa atoe ruhusa kwa mkono wake mwenyewe. Ni hila ya kupendeza, sikatai. Lakini mume wa mama mdogo aliugua siku nne tu, na neno lake la mwisho lilihusu mbuzi aliyefungwa karibu na kijito.

Pamoja na hayo, nitawapa haki yao. Sam anapoulizwa katika redio atafanya nini, anajibu kwamba ataamka kila asubuhi na kuvuta pumzi, mpaka siku ambayo hatahitaji kujikumbusha. Hapo kibanda kizima kilinyamaza, na hata VJ hakutia mzaha.

Upo msiba mmoja ambao sijauona katika picha yoyote ya namna hii. Mwaka 2017 wakimbizi wa Sudan Kusini walianza kupewa makazi hapa Omugo, na mmoja wao ni rafiki yangu darasani. Kwao ni upande wa Yei. Vita vilipofika huko mwaka 2016 baba yake alirudi nyuma kuchukua baiskeli, hakuonekana tena. Hapakuwa na kaburi wala matanga, na hakuna wa kuandika barua. Mwaka jana mtu mwema wa makazini alimposa mama yake. Mama hakukubali wala hakukataa. Alimwambia angoje kidogo, kwa kuwa amesikia kuna lori limefika na watu kutoka Yei, naye anataka kwenda kuwauliza kwanza.