Fildi Songea, wiki ya nne

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya fildi. Nipo Songea, mwaka wa tatu uhandisi wa umeme, nimepangiwa timu ya laini. Baridi ya huku asubuhi acha kabisa, na mimi nilikuja na kisweta cha Dar!

Juzi mti uliangukia laini ya kilovolti 33, waya ukalala chini. Umeme ulishakatwa, nikajipeleka mbele kuushika. Fundi mkuu akafoka, "Injinia, rudi! Umepima? Umeweka athi?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Mzee, si tumeshazima?"

"Na jenereta la yule mwenye duka?"

Nikanyamaza. Songea iliishi kwa majenereta ya dizeli hadi 2018, gridi ilipofika kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Mpaka leo wapo wenye majenereta yao. Mtu akiwasha la kwake bila kujitenga na laini, umeme unarudi kinyumenyume: volti 400 zinaingia kwenye transfoma, upande wa pili zinatoka elfu 33. Swali hilo nililipata kwenye mtihani, tena vizuri tu. Pale chini ya nguzo halikunijia kabisa.

Usiku sikulala, nilikuwa nawaza simu ambayo mama angepigiwa. Sasa hivi sigusi kitu mpaka mzee apime na athi iwekwe, hata wakinicheka.

Kesho alfajiri tunaelekea Peramiho. Tuombeane.