Simu Moja, Watoto Wawili



Katika chuo nilichosomea Kurani, maalim wetu hakutufundisha sote somo moja. Mmoja yumo katika alif na be, wa pili yumo katika Juzuu Amma, wa tatu keshafika Yasini. Na kila mmoja humwendea kwa zamu yake, akasoma, naye akasikiliza. Aliyesoma sawasawa husogezwa mbele; aliyekosea hurudishwa nyuma kidogo, hata ulimi uzoee. Watoto arubaini, masomo arubaini, na maalim mmoja aliyemjua kila mtoto kwa sauti hata akiwa amempa kisogo.

Nalimkumbuka maalim huyo mwaka uliopita, hapa kwetu Murangi, kando ya Ziwa Viktoria, nilipowawekea watoto wangu programu ya masomo katika simu. Programu hiyo huuliza maswali ya hesabu. Mtoto akijibu sawa, swali lifuatalo huwa gumu zaidi; akikosea, huteremshiwa jepesi, mpaka ikadiriwe uwezo wake u wapi, kisha akasomeshwa kuanzia hapo. Fikira yenyewe si ya jana. Huko Ufaransa, Alfred Binet alianza mwaka 1905 kuwapima watoto mmoja mmoja kwa maswali yaliyopangwa kutoka jepesi kwenda gumu. Na chuo chetu, bila shaka, kilimtangulia kwa karne nyingi.

Mwanangu wa kiume yumo kidato cha pili. Dada yake yumo darasa la sita. Nyumba ina simu moja yenye intaneti. Jioni kijana huanza, akimaliza humpa mdogo wake. Baada ya mwezi naliona binti yangu anaikwepa simu. Nikaitazama: katika maswali kumi amekosa tisa. Nikamwambia maneno makali, mbele ya kaka yake, kwamba yeye ni mvivu, na kwamba fedha ya bando haiokotwi ufukweni. Hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaenda kuosha vyombo.

Usiku ule mama yake akaniuliza, "Bwana, hayo maswali umeyasoma mwenyewe?"

Sikuwa nimeyasoma. Nalipoyafungua nikakuta ni aljebra ya sekondari, tena kwa Kiingereza, na huyu mtoto shuleni kwake husoma hisabati kwa Kiswahili! Tulikuwa tumeandikisha jina moja tu, la kaka yake. Mashine haijui mkono unaoishika; kwake, watoto wangu wawili walikuwa mtoto mmoja, werevu jioni na mjinga usiku. Ilishuka, ikashuka, lakini haikuweza kutoka nje ya masomo ya sekondari. Hata kijana alipunjika, maana kila jioni alianzishwa na maswali ya kidato cha kwanza, akakusanya nyota nyingi. Yeye, wallahi, hakulalamika hata siku moja.

Mkoani Tanga, katika mashindano ya XPRIZE ya mwaka 2017 hadi 2019, kila mtoto alipewa kishikwambi chake mwenyewe, na vijiji vikawekewa umeme wa jua wa kuvichaji. Programu mbili, ya onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Watu huzisifu programu hizo, na zastahili sifa. Lakini kwa yaliyonipata, mimi hukitazama zaidi kile kishikwambi cha peke yake. Nyumba zetu nyingi hazina hicho.

Dhana mbaya juu ya mtu mzima ni dhambi. Juu ya mtoto asiyeweza kujitetea sijui niiite nini. Baada ya sala ya Alfajiri nalimwita binti yangu, na kaka yake nikamwita pia, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele yake. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kosa lilikuwa langu." Akasema, "Haya, baba," kisha akauliza kama sasa ataandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Tulimwandika. Siku ya kwanza alipata manne katika kumi, na programu ikamteremsha hadi sehemu za darasa la nne. Hapo ndipo alipokuwa amekwama, wala hakuna aliyejua. Sasa hukaa naye nikimsikiliza, na simu tukaiweka kando kwanza. Juzi tulikata muhogo uliochemshwa vipande vinane sawasawa ili aione robo na nusu. Kaka yake akala viwili kabla hatujamaliza hesabu, naye, bila kuulizwa, akasema iliyobaki ni robo tatu.