Kigoda Tulichokichoma

Kwihara si mbali na Tabora mjini. Tulikwenda huko na wanafunzi wa chuo chetu cha theolojia kwa sababu tuliona historia ya Kanisa haiwezi kufundishwa kwa ubao na chaki peke yake. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilipita katika nchi hii. Wazee husimulia kwamba miembe mikubwa iliyo kando yake iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Kati ya hao walikuwamo wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, na watumwa waliotembea bila hiari yao.

Makumbusho ya Kwihara ni tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na mlango wa mbao uliochongwa kwa ufundi wa pwani. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 kabla ya kumkuta Dkt. Livingstone kule Ujiji. Februari 1872 walirudi wote wawili. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti 25 akingoja wapagazi wa kuendelea na safari. Nyumba imehifadhiwa kwa ajili ya ukumbusho wa mgeni huyo.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Nzega, alizunguka vyumba vyote kimya, kisha akatuuliza, "Wachungaji, na vitu vya babu zetu viko wapi?"

Tulimjibu kama walimu. Tulimweleza habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipoingia. Tulimweleza kwamba viti vya enzi vya Wanyamwezi, vyenye egemeo refu lililochongwa, viko mpaka leo katika makumbusho ya Berlin. Yote tuliyosema yalikuwa kweli. Lakini sisi walimu wawili tulitazamana, kwa maana tulijua kwamba kiti kimoja hakikwenda Berlin. Kiti hicho tulikichoma sisi.

Ilikuwa takriban miaka 17 iliyopita. Tulikuwa vika wawili, tumetoka chuoni karibuni, tukapangiwa usharika mmoja wa kijijini magharibi ya Tabora. Mzee mmoja alikuwa akijifunza ili abatizwe. Nyumbani kwake tulikuta kigoda cha miguu mitatu, na nyuma yake pamechongwa umbo la mtu. Hatukuuliza ni cha nini. Tulimwambia achague kati ya kigoda na ubatizo. Jumapili ile, baada ya ibada, mwinjilisti alikileta nyuma ya kanisa, sisi tukatoa kiberiti, na usharika ukaimba. Mzee alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Alibatizwa, na tukaandika katika taarifa yetu kwamba kazi ya Bwana inasonga mbele.

Tulipokuwa tungali pale Kwihara, tuliendelea na somo kama tulivyolipanga. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, huku huku Tabora. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike papa hapo. Wakakataa. Walibeba mwili, pamoja na vitabu vyake vya kumbukumbu, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Aprili ile alizikwa London, na kati ya wabebaji ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo kaburini.

Tulishindwa kumaliza somo. Watu wale walitunza mwili na karatasi za mgeni kwa miezi mingi ya njaa na magonjwa. Sisi, wachungaji wenye digrii, tulishindwa kutunza kiti cha mzee wetu hata kwa muda wa kuuliza swali moja. Tuliwaambia wanafunzi habari yote, tukiwa tumeketi kivulini nje ya tembe. Kisha tukakubaliana kwamba kesho yake twende kwa mzee.

Alitupokea kwa makofi na salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama vile tuliondoka juzi. Sasa amepita miaka 80, na bado ni mshiriki mwaminifu wa Chakula cha Bwana. Tulimwambia kilichotuleta. Alikaa kimya muda mrefu.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alikwenda pwani mara tatu. Aliporudi mara ya mwisho alimlipa fundi amchongee kiti, akasema miguu yangu imetembea vya kutosha. Baba alikikalia akisuluhisha magomvi ya ndugu. Hakuna aliyekiomba kitu. Mngeniuliza, wanangu, ningewaambia."

Tukamwomba msamaha. Akasema, "Mimi nilidhani ni Yesu aliyekikataa. Miaka hii yote nimekuwa nikimwuliza babu yangu alimkosea nini."

Kwa neno hilo hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumemfundisha habari za neema, naye akatoka na hukumu juu ya marehemu wake, akaibeba peke yake miaka 17. Tulimwambia kwamba Yesu hakukikataa kile kiti. Waliokikataa tulikuwa sisi. Alitutazama, akasema, "Basi kaeni, mle." Msamaha wenyewe alitupa jioni, tulipokuwa tukiaga.

Kabla ya kuondoka alimwita yule mwanafunzi wa Nzega, akamweleza kiti kilivyokuwa, naye akakichora. Mzee aliusahihisha mchoro mara nne. Miguu ilikuwa minene zaidi, na lile umbo la nyuma lilikuwa na mikono mifupi.

Mchoro huo sasa umetundikwa katika chumba kidogo karibu na maktaba ya chuo chetu. Tunakiita makumbusho, ingawa vitu vyake bado vinahesabika kwa vidole. Kanuni yake ni moja: hakiingii kitu bila mwenyewe kukisimulia kwa mdomo wake, na akikitaka tena anarudishiwa.

Wapo wanaotuuliza kama tumeanza kulegea katika imani. Tunawajibu kwa Matendo ya Mitume sura ya 19. Kule Efeso vitabu vya uganga vilichomwa kweli, lakini walioviteketeza ni wenye navyo, baada ya wao wenyewe kuungama. Paulo hakwenda nyumba kwa nyumba na kiberiti. Na Yoshua, baada ya kuvuka Yordani, aliagiza yasimamishwe mawe 12 ili watoto wapate kuuliza maana yake na wazazi wapate kujibu.

Kila mwaka, kabla wanafunzi hawajapangiwa sharika, tunawaingiza chumbani mle na kuwasimulia habari za mchoro huo. Tunaanza na sehemu ile ya kiberiti.